Mlima Fuji katika Picha za Mbao: Thamani Yake na Bei Yake

Utangulizi

Katika maktaba tunamofanyia kazi ilitundikwa kwa miaka kadhaa kalenda iliyoletwa na wageni, yenye picha ya mlima mwekundu chini ya mbingu za buluu. Mwaka wa kalenda ulipokwisha haikuondolewa, kwa kuwa picha yake ilipendwa. Siku moja mwanafunzi aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa maadili alituuliza maswali mawili kwa mfululizo. La kwanza: je, si kweli kwamba mlima huo huabudiwa na watu wa nchi yake, na kama ndivyo, yafaa picha yake kutundikwa katika chuo cha Kanisa? La pili: alikuwa amesikia kwamba nakala moja tu ya picha za namna hiyo iliuzwa mnadani kwa mamilioni ya dola; je, karatasi yaweza kuwa na thamani hiyo?

Tuliyajibu maswali hayo kwa haraka, na tulipotafakari baadaye tuliona kwamba tuliyajibu vibaya. Kwa la kwanza tulisema kwamba sanaa ni sanaa tu. Kwa la pili tulisema kwamba matajiri wana mambo yao. Majibu hayo hayamsaidii mtu atakayekesho kuwa mchungaji. Makala haya ni jitihada ya kujibu upya. Tutaeleza kwanza jinsi picha hizo zilivyotengenezwa, kisha tutazitazama tatu kwa makini, ndipo tutakapoyapima mawazo ya wakusanyaji. Tutadai kwamba maswali yale mawili yana mzizi mmoja, na kwamba hatari ya ibada ya sanamu haiko pale mwanafunzi wetu alipoitafuta kwanza.

1. Picha na mikono iliyoitengeneza

Picha ya kalenda ile ni kazi ya Katsushika Hokusai, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1760 na kufariki mwaka 1849. Ni moja ya mfululizo uitwao Mandhari Thelathini na Sita ya Mlima Fuji, ulioanza kutolewa mnamo mwaka 1830 katika mji wa Edo, yaani Tokyo ya leo, na mchapishaji Nishimuraya Yohachi. Mfululizo huo ulipendwa hata picha kumi zikaongezwa. Jumla ikawa 46, ingawa jina halikubadilishwa. Hokusai alikuwa na umri wa miaka 70 hivi. Katika maneno aliyoyaandika muda mfupi baadaye alisema kwamba yote aliyoyachora kabla ya umri huo hayakuwa ya kuhesabiwa, na kwamba alitumaini kuijua kazi yake vema atakapozidi miaka 100.

Msomaji asidhani kwamba Hokusai aliipaka rangi kwa mkono wake kila picha tunayoiita ya Hokusai. Kazi hiyo ilihitaji watu wanne. Mchapishaji alitoa fedha na kuamua kitakachouzika. Mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi nyepesi. Karatasi hiyo iligandishwa kifudifudi juu ya ubao wa mti wa cheri wa porini, na mchongaji akachonga akiifuata mistari, kisu chake kikipita katika karatasi yenyewe. Kisha mbao nyingine zilichongwa kwa ajili ya rangi mbalimbali, zikiwa na alama mbili ndogo pembeni ili kila rangi ikae mahali pake. Mwisho mchapaji alipaka rangi ubaoni kwa brashi, akalaza juu yake karatasi yenye unyevu, iliyotengenezwa kwa magome ya mti wa jamii ya mforosadi, akausugua mgongo wake kwa kifaa cha mviringo kilichovikwa ganda la mwanzi, ambacho Wajapani hukiita baren. Hakuna mashine iliyotumika. Nguvu ya mkono wa mchapaji ndiyo iliyoamua kama anga litakuwa zito au jepesi.

Hapa tunaomba mambo mawili yazingatiwe, kwa kuwa hoja yetu yote inayategemea. Kwanza, mchoro wa asili uliangamia chini ya kisu cha mchongaji. Hakuna mahali popote ilipo picha moja ya kweli ambayo nyingine zote ni vivuli vyake. Kila nakala iliyotoka katika mbao zile ni picha yenyewe. Pili, nakala zilikuwa nyingi, na bei yake ilikuwa ndogo, kiasi cha kununulia bakuli moja au mawili ya tambi katika kibanda cha njiani. Fundi, mtumishi na mchuuzi waliweza kuzinunua. Hata buluu iliyozipa sifa haikuwa rangi ya anasa: ni buluu ya Prussia, iliyogunduliwa mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ambayo ilipofika Japani kwa wingi kwa njia ya wafanyabiashara wageni ilishuka bei hata wachapishaji wa picha za watu wa kawaida wakaweza kuitumia.

2. Mlima na wanaouheshimu

Mwanafunzi wetu hakukosea kuhusu mlima. Fuji, wenye kimo cha meta 3,776, ni mlima wa moto uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1707, majivu yake yakaanguka hata Edo. Kwa karne nyingi umehesabiwa kuwa makao ya nguvu za kiungu. Katika siku za Hokusai vyama vya mahujaji viitwavyo Fujikō vilikuwa na wanachama wengi katika mji wa Edo. Mmoja wa viongozi wao, Jikigyō Miroku, alifunga huko mlimani hata kufa mwaka 1733, akiamini kwamba kifo chake kingeuponya ulimwengu. Wasioweza kusafiri walijengewa vilima vidogo mjini, vyenye umbo la Fuji, wavipande kana kwamba wanaupanda mlima wenyewe. Wanawake hawakuruhusiwa kufika kileleni mpaka mwaka 1872. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza mlima huo katika orodha ya urithi wa dunia, ikiutaja kuwa mahali patakatifu na chemchemi ya sanaa.

Yafaa pia tukumbuke kwamba picha hizi zilitolewa katika nchi ambamo Ukristo ulikuwa umepigwa marufuku. Amri ya mwaka 1614 iliwafukuza wamisionari na kuwalazimisha waamini kuikana imani, na mabao ya marufuku hayakuondolewa hadharani mpaka mwaka 1873. Serikali hiyohiyo iliwatilia shaka hata mahujaji wa Fuji, ikatoa amri dhidi ya vyama vyao mara kadhaa. Hatusemi kwamba mateso hayo yalilingana, Wakristo waliuawa. Tunasema tu kwamba mlima wa Hokusai haukuwa mapambo matupu. Ulikuwa mlima ambao watu waliuwekea tumaini lao, na mwanatheologia asiyeliona hilo hajaiona picha.

3. Picha tatu

Tuanze na ile ya kalenda, ambayo jina lake lamaanisha upepo mwanana na asubuhi angavu, ingawa wengi huiita Fuji Mwekundu. Hakuna mtu ndani yake, wala nyumba, wala ndege. Mlima umesimama upande wa kulia, mteremko wake ukishuka kushoto kwa mstari mmoja mrefu. Chini kuna msitu wa kijani ulioonyeshwa kwa vidoa vidogo. Kileleni mna mistari michache ya theluji iliyobaki. Angani kuna mawingu membamba kama magamba ya samaki. Ni hayo tu. Nguvu ya picha hii hutoka katika yale yaliyoachwa. Mtazamaji hapewi njia ya kuingia; hapewi mti wa kujikinga wala mtu wa kusimama badala yake. Yuko peke yake mbele ya kitu kikubwa kisichomhitaji. Aliyelelewa chini ya Kilimanjaro au Meru anaijua hali hiyo ya saa kumi na mbili asubuhi, mlima unapojifunua kwa kitambo kabla ya mawingu kuufunika.

Picha ya pili yaonyesha uwanda wa Owari. Fundi wa mapipa amepiga magoti ndani ya pipa kubwa lisilo na kitako, akililainisha kwa chombo chake. Pipa limelala ubavu, duara lake likijaza karibu picha nzima, na kupitia duara hilo, mbali sana, tunaona pembetatu ndogo: ndio mlima. Fundi hautazami. Ana kazi. Twaona hapa jambo ambalo wahubiri huhitaji maneno mengi kulieleza, kwamba yaliyo makuu hayangoji tuache kazi zetu ndipo yawepo. Yapo nyuma ya kazi, katika tundu la pipa. Katika mfululizo huu wote wapasua mbao, wavuvi, wachukuzi na wasafiri wanaendelea na shughuli zao, na mlima upo. Wachache ndio wanaougeukia.

Picha ya tatu hutajwa mara chache, wala haipendwi sana na wanunuzi. Yaonyesha mahujaji wakiupanda Fuji. Njia ni ya mawe, kuna ngazi, watu wanaegemea fimbo zao, na upande mmoja mna pango ambamo wengine wamejikunyata wakipumzika, wamebanana kama kondoo zizini. Katika mfululizo mzima ni hapa tu ambapo umbo la Fuji halionekani, kwa sababu ya wazi: walio juu ya mlima hawauoni mlima. Wanaona mawe, na migongo ya wenzao. Tungemwomba kila mwanafunzi anayedhani kwamba Hokusai alichora sanamu ya kuabudiwa aitazame picha hii kwa muda mrefu. Mchoraji amewakaribia waabudu hao kwa heshima, lakini alichotuonyesha ni uchovu wao, na jinsi wanavyohitajiana.

4. Jicho la mkusanyaji

Kuanzia miaka ya 1850, Japani ilipofungua bandari zake, picha hizi zilianza kutoka kwa maelfu. Van Gogh alinunua mamia yake mjini Paris. Monet alizitundika nyumbani kwake Giverny. Hayashi Tadamasa, Mjapani aliyefanya biashara Paris, aliziuza kwa wingi mno, na muhuri wake mdogo uliopigwa juu ya nakala umekuwa leo sababu mojawapo ya kupandisha bei. Wakati huohuo, huko zilikotoka, wengi walizihesabu kuwa karatasi za kawaida zilizochakaa.

Mkusanyaji wa leo anapoletewa Fuji Mwekundu huuliza maswali ambayo mtu wa kawaida hangeyawaza. Je, nakala hii ilichapwa mwanzoni, mistari ya mbao ikiwa bado mikali, au mwishoni, ilipokuwa imelika na kuvunjika? Je, rangi zimefifia? Je, pembezo za karatasi zimekatwa? Je, kuna mkunjo katikati, au mashimo ya wadudu? Je, ni ya mbao za kwanza, au mbao zilichongwa upya miaka mingi baadaye? Kwa majibu ya maswali hayo, karatasi mbili zenye mchoro uleule hutofautiana bei mara mia na zaidi.

Ni rahisi kuyacheka maswali hayo, lakini hatutayacheka, kwa kuwa yamefumbua macho yetu. Nakala za mwanzo za Fuji Mwekundu si nyekundu sana. Mlima una rangi ya waridi iliyopauka ikielekea kahawia. Buluu ya anga imepakwa kwa wepesi na bila usawa, hata mawingu yanaonekana kusogea. Ni alfajiri. Nakala za baadaye, ambazo kalenda nyingi huzifuata, zina mlima mwekundu sawasawa na buluu nzito juu. Ni nzuri, lakini saa imebadilika, na upepo umetulia. Aliyegundua tofauti hiyo si mhubiri wala mwanafalsafa. Ni mkusanyaji aliyeweka nakala mbili mezani na kuzitazama kwa uvumilivu. Mwanafunzi wa Agano Jipya anayelinganisha hati za kale neno kwa neno aweza kumtambua mtu huyo kuwa ndugu yake katika kazi.

Tena wakusanyaji wameokoa mengi. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kuu liliipiga Tokyo, na moto uliofuata uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Mchapishaji Watanabe Shōzaburō, aliyekuwa akifufua ufundi wa kale kwa kushirikiana na wachoraji wapya, alipoteza duka, mbao na akiba yake. Mchoraji Kawase Hasui alipoteza vitabu vyake vya michoro. Nakala nyingi za kazi yao ya kabla ya siku hiyo zimesalia kwa sababu zilikuwa zimekwisha kununuliwa na kuchukuliwa mbali.

Lakini hapohapo kosa linaanza. Nakala za kabla ya tetemeko ni ghali leo, mara nyingi si kwa kuwa ni bora, bali kwa kuwa nyingine ziliungua. Moto umekuwa mshirika wa mwenye mali. Vivyo hivyo kwa Yoshida Hiroshi, aliyeishi kuanzia 1876 hadi 1950, mpanda milima hodari aliyechora Fuji, milima mirefu ya Japani na hata ile ya Ulaya na Marekani. Nakala alizosimamia mwenyewe zina alama ndogo ya maandishi pembeni inayoshuhudia hivyo. Zilizochapwa na warithi wake baada ya kifo chake, kwa mbao zilezile, hazina. Alama hiyo ina maana, kwa kuwa Yoshida alikuwa mkali kuhusu uchapaji. Lakini mnunuzi anayeitazama alama kabla ya kuutazama mlima amekwisha kugeuza mpangilio wa mambo.

Mwezi Machi 2023, mnadani New York, nakala moja ya Wimbi Kubwa la Hokusai, picha ya mfululizo uleule ambamo Fuji unaonekana mdogo nyuma ya maji, iliuzwa kwa dola za Marekani milioni 2.76. Bei hiyo haikupima uzuri wa picha, maana uzuri uleule upo katika nakala nyingine zilizo katika makumbusho ya dunia. Ilipima uchache wa nakala zilizo safi kama ile, na wingi wa fedha za waliokuwa wakishindana. Kitu kilichotengenezwa kiwe cha wengi kimepata bei yake kutokana na kuwa cha wachache.

5. Hazina iliyowekwa gizani

Kuna kisa kimoja ambacho chatupa jambo zima kwa ufupi. Ndugu wawili wa Boston, William na John Spaulding, walikusanya picha za mbao za Japani zipatazo 6,500. Nyingi zilinunuliwa Japani kwa niaba yao na msanifu majengo Frank Lloyd Wright mwaka 1913. Mwaka 1921 waliutoa mkusanyo wote kwa Jumba la Sanaa la Boston, kwa sharti moja: picha hizo zisionyeshwe hadharani kamwe.

Sharti hilo halikuwa la uchoyo. Rangi za kale za Japani, hasa nyekundu ya maua ya alizeti ya rangi na buluu ya maua ya porini, hufa kwa mwanga. Picha ikitundikwa ukutani, kila siku inayotazamwa inapungua. Kwa sababu ya sharti lile, mkusanyo wa Spaulding umehifadhi rangi ambazo kwingineko zimepotea kabisa, na wataalamu huutumia kama kipimo cha jinsi picha hizi zilivyokuwa zilipotoka mikononi mwa wachapaji. Katika miaka ya karibuni zimepigwa picha na kuwekwa katika intaneti, ili watu wote wazione kwa njia hiyo.

Tumejiuliza mara nyingi kama tungeweka sharti kama hilo. Mtu aweza kuutaja upesi mfano wa talanta katika Mathayo 25, na yule mtumwa aliyefukia fedha ya bwana wake. Lakini mtumwa yule aliogopa kwa ajili ya nafsi yake, na ndugu hawa waliogopa kwa ajili ya picha. Hata hivyo tatizo linabaki. Picha ni kitu cha kutazamwa. Picha iliyohifadhiwa kikamilifu kwa kutotazamwa inafanana na kengele iliyofungwa kitambaa ili isipasuke. Tunaafiki hoja ya makumbusho mengi, ambayo huonyesha nakala kwa miezi michache na kuipumzisha gizani kwa miaka. Kwa njia hiyo picha inatumika, na inapungua kidogo kidogo kwa ajili ya wanaoitazama. Kanisa lenye kuhubiri habari za punje ya ngano inayoanguka katika ardhi halipaswi kushangaa kwamba vitu vingine hutoa faida yake kwa kupungua.

6. Mafundisho ya Luther na picha zetu

Sisi Walutheri tuna sababu ya kuzijali picha za mbao. Agano Jipya alilolitafsiri Luther lilipotolewa Wittenberg mwezi Septemba 1522, kitabu cha Ufunuo kilipambwa kwa picha za kuchongwa katika mbao kutoka karakana ya Lucas Cranach. Matengenezo ya Kanisa yalisafiri kwa karatasi za bei nafuu zilizotoka katika mbao, kama Fuji ulivyosafiri katika Edo. Miezi sita kabla ya hapo, mwezi Machi 1522, Luther alikuwa amerudi Wittenberg kutoka maficho ya Wartburg na kukuta watu wamevunja sanamu makanisani. Katika mahubiri yake ya juma lile alifundisha kwamba sanamu si za lazima, lakini pia kuwa nazo si dhambi. Kosa ni kuziabudu, na anayezivunja kwa mikono bila kuzitoa moyoni hajavunja kitu.

Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, akiieleza amri ya kwanza, alikwenda mbali zaidi. Alieleza kwamba mungu wa mtu ni kile ambacho moyo wake unakitumaini na kukishikilia, na kwamba sanamu iliyoenea kuliko zote duniani ni mali. Mwenye fedha hujiona salama kana kwamba ameketi peponi. Asiye nayo hufadhaika kana kwamba hana Mungu.

Tukiupokea ufafanuzi huo, maswali mawili ya mwanafunzi wetu yanakuwa moja. Kuhusu hujaji wa Fuji tutasema wazi kwamba alitafuta msaada pasipofaa. Mtunga Zaburi, katika Zaburi ya 121, huinua macho yake kwa milima na kuuliza, lakini jibu lake halibaki mlimani; lapita kwenda kwa aliyeifanya mbingu na nchi. Hapo tunatofautiana na hujaji, wala hatufichi. Lakini hujaji alijua kwamba yuko katika ibada. Alifunga, alipanda, alisali. Aliyesimama mnadani hajui. Hudhani anafanya uwekezaji, au anadumisha utamaduni, na huku moyo wake unapanda na kushuka kwa namba inayotajwa na dalali. Isaya 44 yamcheka seremala anayekata mti mmoja, nusu akaotea moto na nusu akaifanya mungu. Nabii angesemaje juu ya ubao wa cheri uliozaa maelfu ya karatasi, nyingine zikatupwa na nyingine zikainamiwa?

Hatusemi kwamba kila mkusanyaji ni mwabudu sanamu. Tumekwisha kuonyesha tunavyodaiwa na jicho lake. Tunachosema ni kwamba jicho lake ni la wakili, na wakili huharibika anapojidhani kuwa mwenyeji. Kipimo tunachopendekeza ni rahisi. Mkusanyaji akipata nakala njema, je, anatamani wengine nao waione, au anafurahi kwamba hawanayo? Akisikia kwamba nakala nyingine ya alfajiri ile ya waridi imepatikana sandukuni mwa mtu, je, hushukuru kwamba uzuri umeongezeka duniani, au huhuzunika kwamba bei itashuka? Hapo ndipo hazina yake ilipo, kama Bwana alivyofundisha katika Mathayo 6.

Wala kipimo hicho si cha matajiri wa New York peke yao. Sisi nasi tuna makabati yaliyofungwa: vitabu vya maktaba vinavyolindwa dhidi ya wasomaji, vyombo vya ibada visivyoguswa, na elimu ya theologia ambayo twaihifadhi kwa lugha ambayo waumini hawaifahamu, ili ibaki adimu na sisi tubaki wenye thamani.

Hitimisho

Kwa swali la kwanza, basi, tunajibu hivi: picha ya Fuji yaweza kutundikwa katika chuo cha Kanisa, si kwa sababu imani iliyo nyuma yake haina uzito, bali kwa sababu tunaitazama tukijua uzito huo, na kwa sababu uzuri wa mlima ni wa Muumba wake, hata pale ulipochorwa na mtu asiyemkiri. Bezaleli wa Kitabu cha Kutoka alijazwa Roho kwa kazi ya kuchonga mawe na miti. Hatuoni kwa nini tuudharau ufundi wa mchongaji wa Edo ambaye jina lake halikuandikwa. Kwa swali la pili tunajibu kwamba karatasi ile haina thamani ya mamilioni, ila ina bei ya mamilioni, na wachungaji watafanya vema kuwafundisha waumini kuyatenga maneno hayo mawili.

Mwezi Julai 2024 Japani ilitoa noti mpya ya yeni elfu moja, na nyuma yake limechapwa Wimbi Kubwa la Hokusai. Picha iliyouzwa mnadani kwa mamilioni sasa imo mfukoni mwa kila muuza samaki na kila mwanafunzi wa nchi ile. Wengine wameona hapo ushindi wa fedha juu ya sanaa. Sisi tunaona pia kwamba picha imerudi kwa wale iliotengenezewa, ikiwa ni karatasi ya kupita kutoka mkono hadi mkono.

Kalenda ya maktaba yetu imekwisha kufifia upande ulioelekea dirisha, na mlima wake sasa unakaribia ile rangi ya waridi ya nakala za kwanza. Hatuoni sababu ya kuiondoa.